Tulishinda 2-1, Gazeti Likaandika Tumefungwa

Magazeti hutufikia Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, kwa boti kutoka gati la Mokowe upande wa bara, na Jumatatu ile niliyasubiri gatini kama mtu anayengoja mgeni wa harusi. Jumamosi jioni tulikuwa tumeifunga timu moja ya Malindi mabao 2-1 katika uwanja wa Twaif, la pili likiingia dakika ya 88, na nilikuwa na hakika kwamba safari hii tutaandikwa. Nilinunua nakala mbili, moja yangu na moja ya klabu, nikaketi barazani nikafungua kuanzia nyuma kama tunavyofanya sote.

Ukurasa wa nyuma, Arsenal. Ukurasa unaofuata, goti la mchezaji mmoja wa Ulaya ambaye wikendi ile hakuugusa mpira. Chini kabisa, juu ya tangazo la mnada wa magari, palikuwa na mstari mmoja: timu ya Malindi imeshinda 2-1 ugenini Lamu, wenyeji wakipoteza penalti. Wenyeji ndio sisi. Jina hatukupewa. Na hiyo penalti waliipoteza wao.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya mtaani, na jina lake silitaji kwa sababu baadhi ya haya ninayosimulia yanatuaibisha na wenzangu hawajanipa ruhusa. Ukatibu wenyewe sikuugombea. Nina duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, kwa hivyo fomu za usajili wa wachezaji zilikuwa zikipitia kwangu hata hivyo. Mwaka 2022, FIFA ilipoifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba na hakuna aliyejua tunacheza nini wala kwa ajili ya nani, katibu wetu alipata kazi Saudia akaondoka. Wazee wa klabu wakaniambia, "Bwana, wewe endelea." Nikaendelea.

Basi Jumatatu ile nikafanya kosa ambalo naamini makatibu wengi wamelifanya. Nilitafuta namba ya mwandishi aliyeandika ule mstari, nikampigia gazeti likiwa bado mkononi, nikamwaga yote. Nilimwambia amenunuliwa. Nilimwambia hajui Twaif iko upande gani wa mji. Alinyamaza mpaka nikahisi salio linaisha, kisha akauliza, "Ndugu yangu, mechi iliisha saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili kasorobo.

"Na nani alinipigia?"

Hakuna. Siku ile yeye alikuwa Hindi, mji mdogo wa huku kwetu bara, kwa habari nyingine kabisa. Saa moja usiku aliipiga namba ya klabu yetu aliyokuwa nayo, namba ya yule aliye Saudia, haikupatikana. Akapiga ya Malindi. Aliyepokea alikuwa ndani ya boti wanavuka kwenda Mokowe, injini inanguruma, na kati ya mngurumo ule na aibu ya kufungwa, matokeo yakageuka. Mstari mmoja ukaandikwa kwa kilichosikika. Nilipokata simu sikuwa na la kusema, na nilikuwa nimeshamtukana mtu.

Nilimwandikia ujumbe wa kuomba radhi usiku huohuo. Akajibu kwa upole kuliko nilivyostahili, na akanipa njia ambayo nami naipitisha kwenu: kosa la gazeti lina mlango wake. Kanuni za maadili za wanahabari wa Kenya, zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, zinataka habari yenye makosa isahihishwe upesi. Usipige kelele, andika barua fupi kwa mhariri, taja tarehe na ukurasa, sema kilichochapishwa na kilicho sahihi, ambatisha ushahidi. Ushahidi wetu ulikuwa nakala ya ripoti ya refa, iliyotiwa saini na manahodha wawili. Bahati nzuri niliitoa fotokopi mwenyewe. Laiti ningekuwa sina duka, karatasi ile ingeishia mfukoni mwa refa.

Siku ya nne wakachapisha. Mistari miwili kwenye kona ya masahihisho. Mara ya kwanza jina la klabu yetu kuonekana gazetini, tangu babu zetu waianzishe, ilikuwa mahali pa kuombea radhi. Mwenyekiti aliikata kwa wembe akaitia kwenye fremu. Mimi nilicheka, yeye hakucheka.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini tulikwisha onja, tukataka zaidi. Kamati ikakaa, na mmoja akasema lile neno linalosemwa kila mahali: mwandishi lazima aonwe. Tukachanga. Wachezaji walitoa, wengine shilingi 50, wengine 100, na wengi wao ni wavuvi ambao wiki ile ya kusi bahari ilikuwa imewakatalia. Zikafika shilingi 4,500. Hatukumpelekea yule wa kwanza, tulijua atatufukuza. Tukamtafuta mwingine, akaja, tukamlisha wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikamkabidhi bahasha chini ya meza huku mkono ukinitetemeka kama naiba.

Habari ilitoka, nakiri. Sentensi nne na picha ya mwenyekiti. Mechi yenyewe haikutajwa matokeo. Mechi iliyofuata hatukuwa na bahasha, na yeye hakuwa na simu ya kupokea. Fedha zile zingetununulia mipira, na nilipolazimika kuwaeleza vijana zilikokwenda, mmoja aliniuliza tu, "Picha ya mwenyekiti ndiyo 4,500, Katibu?" Mtu akikwambia bahasha ni nauli, mwambie mlipane kwa tiketi ya boti na risiti. Mwandishi aliyekuja kwa bahasha huja kwa ajili ya bahasha, na siku timu kubwa ikimpa nene kuliko yako atakuandika vile watakavyo wao.

Kisha kukawa na punda. Hili sijui nilisimulie nikicheka au nikilia. Mgeni mmoja mwenye kamera kubwa alipita siku tunapeleka nyavu za magoli na maji uwanjani, na kama ijulikanavyo, Amu mzigo huenda kwa punda. Akapiga picha. Wiki hiyo ikachapishwa kubwa, ya rangi, punda kabeba nyavu akipita kwenye kichochoro, nyuma yake vijana wawili wetu wakiwa wamevaa jezi. Maelezo ya chini yalisema maisha ya kale yanaendelea Lamu. Tulishinda 4-0 siku ile. Hakuna aliyetaka kujua. Wanaokuja kwetu huja na hadithi yao tayari kwenye mkoba: mji wa kale, punda, mashua, au usalama. Mpira haumo. Na sisi tulisaidia kosa, maana mpiga picha alikaa pale dakika kumi na hakuna hata mmoja aliyemwendea kumwambia saa ngapi tunacheza na nani.

Baada ya punda nikapanda boti mpaka Mokowe kumwona yule mwandishi wa kwanza uso kwa uso. Nilibeba ripoti niliyoiandika mwenyewe ya mechi ya 4-0, kurasa mbili, nimeipiga chapa vizuri na nembo ya klabu juu. Alikuwa anakunywa chai kibandani. Aliisoma yote, kisha akaomba kalamu.

Ripoti yangu ilianza hivi: "Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia siku njema yenye upepo mwanana, ambapo mgeni wa heshima aliwasili uwanjani saa kumi kamili akilakiwa na viongozi." Matokeo yalikuwa katika aya ya sita. Majina ya wafungaji hayakuwepo, palikuwa na "vijana wetu machachari". Akapiga mstari juu ya kila kitu mpaka nikaona uchungu, akabakisha jina la klabu, matokeo, uwanja na siku. Halafu akanigeuzia karatasi. "Mhariri akiletewa tangazo saa kumi na moja, ukurasa unapungua. Kinachokatwa ni habari za mashinani, na hukatwa kutoka chini kwenda juu. Yako ikikatwa hapa," akaweka kidole chini ya aya ya tano, "nimebaki na nini? Upepo mwanana."

Tulikaa saa nzima. Nilijifunza mambo ambayo ningedhani ni siri, kumbe hakuna aliyewahi kuuliza. Kwamba mwandishi kama yeye hana mshahara. Hulipwa kwa kilichochapishwa, na habari ya ligi ya kaunti ikitupwa, safari na salio vimemtoka bure. Kwamba anabeba mahakama, mafuriko, bandari, siasa na mbio za punda, na mpira huja mwisho. Kwamba kurasa zinazosafiri mbali hufungwa mapema kuliko zinazouzwa karibu na mtambo wa kuchapia, kwa hivyo gazeti linalofika Amu ndilo lililowahi kufungwa. Hili lilinikaa moyoni. Sisi tunaanza baada ya Alasiri, tunamaliza karibu na Magharibi, uwanja hauna taa. Mechi ya Amu, hata iandikwe vizuri namna gani, huwa imechelewa kwanza kwa gazeti la Amu lenyewe.

Ongeza na maji. Timu za Faza, Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, huja kwetu kwa boti kupitia mkondo wa Mkanda, na safari za boti hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Refa anaweza kutaka saa kumi, bahari ikataka saa kumi na moja. Nilipomweleza mwandishi hilo akashangaa, miaka yote alidhani tunachelewa kwa uzembe.

Kwa hivyo tukapanga, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Ijumaa namtumia orodha ya wachezaji, majina matatu matatu, si majina ya utani. Hapa nilipata kazi. Mtaa mzima unamjua winga wetu kwa jina la samaki, hata mimi nililazimika kumuuliza mamake jina lake halisi. Na tulikuwa na Athman wanne uwanjani; gazeti lilipoandika "Athman alifunga mawili", Athman watatu walitembea mji mzima wakipokea pongezi. Sasa kila jina lina namba ya jezi pembeni na la babu nyuma.

Mapumziko natuma matokeo. Kipenga cha mwisho kikilia, kabla sijampa mtu mkono, natuma mistari mitatu: nani kamfunga nani ngapi, waliofunga na dakika, na jambo moja lililotokea. Hadithi ndefu, kama ipo, hufuata nikiwa nyumbani nimeswali na nimekula. Mtandao wa uwanjani ukigoma, napiga simu. Simu yangu haichezi muziki siku ya mechi, na kijana akitaka kuiazima kuangalia matokeo ya Uingereza huwa namnyima.

Picha ni moja, si thelathini. Nilikuwa natuma thelathini zote kwa WhatsApp kama picha za kawaida, zinafika zimebanwa, uso wa mtu kama umechorwa na mkaa. Sasa natuma moja kama faili, imepigwa simu ikiwa imelazwa, jua nyuma yangu, na majina kutoka kushoto kwenda kulia. Kama ni watoto wa akademia tunawauliza wazazi kwanza. Habari ya kuelezea mechi inayokuja naipeleka katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, siku ambazo Ulaya imepoa. Jumapili usiku usijisumbue. Na redio za hapa kwetu msizidharau: husoma matokeo jioni ileile, na mama wa kipa huisikia redio akiwa jikoni, gazeti hanunui.

Je, tumeandikwa? Ndiyo, si sana. Msimu uliopita nilihesabu mara kumi na moja, tisa kati ya hizo zikiwa mstari mmoja au miwili. Agosti 2025, CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipochezwa hapa Kenya, Tanzania na Uganda, tulipotea wiki nne nzima katikati ya mashindano yetu ya mtaa. Wala sina ubavu wa kulalamika. Siku Kenya ilipotolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali nilikuwa mbele ya televisheni na watu hamsini, na ripoti yetu ya siku ile sikuituma mpaka leo.

Lakini sikuanza kuandika kwa sababu ya gazeti tu. Kipa wetu, mvuvi wa ngisi, miaka 21 wakati huo, aliitwa kufanyiwa majaribio na klabu moja Mombasa. Wakamwambia aje na chochote kinachoonyesha amecheza wapi na lini. Alikuja dukani kwangu saa tatu usiku, mikono bado ina wino wa ngisi, akasimama mlangoni asichafue karatasi. "Katibu, nitolee zile fotokopi za gazeti."

Zipi? Alikuwa amelinda goli misimu mitatu. Nilifungua kabati, nikafungua kompyuta, nikapekua simu. Nilikuwa na fomu yake ya usajili, picha ya pasipoti, na lile sahihisho la mistari miwili ambalo yeye hamo. Hata mechi alizocheza bila kufungwa sikuweza kumtajia idadi. Nilimpigia chapa barua yenye muhuri, nikaandika "kipa hodari mwenye nidhamu", maneno ambayo katibu yeyote angeweza kumwandikia kipa yeyote. Akaikunja mara nne, akashukuru. Mombasa hawakumchukua. Sisemi ni kwa ajili ya karatasi, huenda siku ile hakudaka vizuri, mwenyewe anasema alidaka vizuri. Ila nilijua kwamba kwa misimu mitatu nililiwekea kinyongo gazeti kwa kutoandika kitu ambacho mimi mwenyewe, niliyekaa pale kwenye jiwe kila Jumamosi, sikukiandika.

Asubuhi yake nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, shilingi 250. Kila mechi ina ukurasa: tarehe, uwanja, refa, vikosi, mabadiliko na dakika zake, kadi, mabao, watu wangapi kwa kukadiria, maji yalikuwaje. Nakala ya ripoti ya refa imegundishwa nyuma ya ukurasa. Nikitakiwa barua sasa, naandika namba. Nilijaribu kujaza misimu ya nyuma kwa kuwauliza wachezaji, na kila mmoja alikumbuka mabao yake na kusahau ya wenzake, nikaacha.

Nilijiona nimefika. Mpaka mzee mmoja akaniletea salamu.

Tulikuwa tumecheza na timu ya Kizingitini, tukashinda 3-0, na gazeti likachapisha ripoti yangu karibu neno kwa neno, aya mbili, ndefu kuliko zote tulizowahi kupata. Niliibandika dukani. Wiki iliyofuata katibu wao, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, alikuwa mjini kwa shughuli zake akapita. Nikamwamkia, nikamvutia kiti. Akasimama mbele ya kile kipande, akakisoma taratibu kwa kidole, akamaliza, akarudia.

"Mwanangu, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, ami."

"Mwaona hapa? 'Wakawacharaza wageni.' Na hapa, 'kipa wa wageni.' Na hapa tena, wageni." Aligeuka akanitazama, si kwa hasira. "Sisi tuliondoka na maji ya alfajiri siku ile. Kijana wangu kipa alidaka penalti mbili. Mbili, mwanangu, na wewe ulikuwako. Jina lake hukuuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Kwenye daftari langu lenye jalada gumu, upande wa kikosi chao palikuwa na namba za jezi tu, moja mpaka kumi na moja, bila jina hata moja. Nilimwagizia kahawa, nikatafuta udhuru, nikakosa. Akanywa, akaniambia watoto wake hawajambo, tukazungumza habari za bei ya kamba, akaondoka na boti ya adhuhuri.

Waliporudi Amu kwa mechi ya pili nilikwenda kwenye benchi lao kabla hata hawajafunga kamba za njumu. Mzee alikuwa amekaa juu ya debe la maji. Nikachuchumaa kando yake na daftari gotini.

"Namba 1, ami?"

Akanitajia, kisha akanyoosha mkono akaichukua penseli. "Nipe mimi niandike. Wewe utakosea." Akaandika polepole, herufi kubwa kubwa, la kijana, la baba, la babu. Akaenda namba 2. Kwenye 6 akasita, akamwita kocha amkumbushe, wakabishana kama babu yake ni Shee au Sheebwana, ikabidi mwenyewe aitwe kutoka katikati ya uwanja aseme. Refa akapuliza kipenga, nasi tuko namba 8.